Sauti ya Mama Mifukoni mwa Watu

Kadi yenyewe, ya kupachika kwenye simu, ni ndogo kuliko ukucha wa dole gumba la mwanangu. Aliyeniletea alikuwa ameiviringisha ndani ya kipande cha karatasi ya daftari, akaifumbata kama watu wanavyofumbata rambirambi, akaniwekea kiganjani siku ya tatu ya msiba wa mama. "Nimekutunzia sauti yake," aliniambia. Halafu akabaki amesimama mbele yangu, nikaelewa kuwa anasubiri nimshukuru.

Sikumshukuru. Nataka hilo lijulikane mwanzoni kabisa, maana tangu siku ile shangazi zangu wananiambia sina adabu, mtu kaniletea kitu kikubwa namna ile nami nikamgeuzia mgongo. Shangazi zangu wanajua alicholeta. Na alivyokipata wanajua pia, walikuwapo, ila wamesahau. Mimi sijasahau, na kwa kuwa naona watu wa rika langu nao wameanza kusahau, nitaeleza.

Mliokulia Tunduma mtakumbuka simu zilivyoingia. Sizungumzii zile za kwanza za matajiri, zilizokuwa nzito kama tofali. Nazungumzia zilizofuata, wakati kila dereva wa lori, kila mbadilisha fedha na kila muuza kapenta, wale dagaa wa Zambia, alipokuwa na yake kiunoni. Sisi watoto tulijifunza neno moja kabla ya mengine yote: inaita. "Simu inaita." Lilinisumbua sana neno hilo. Nyumbani kwetu kuita ni kuita mtu. Ukiitwa unaitika, "Abee, mama," unaacha ulichoshika, unakwenda. Kwa hiyo simu ilipoita niliuliza, inamwita nani? Wakubwa walicheka wakaendelea na mambo yao. Nikabaki kutafuta jibu mwenyewe, na jibu la mtoto wa darasa la pili mnalijua lilivyo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiishi Isongole, na alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia kila alipokuja kwetu. Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Tembea kwanza mpaka umwone. Alisema hivyo huku anachambua maharage, kwa sauti ileile aliyotumia kutukataza kuchezea moto, kwa hiyo hatukumuuliza zaidi. Tuliamini tu kwamba wapo wanaoita, na si wote wana miguu.

Mama yangu alikuwa mama lishe pale Chapwa, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Ugali, wali, maharage, kapenta za kukaanga. Kilichomtofautisha na wenzake kilikuwa sauti. Wengine waligonga sufuria kwa mwiko; yeye alisimama tu akaita. "Karibuni chakula!" kwa Watanzania, na kwa madereva wa Zambia, "Iseni mulye!" Sauti yake ilifika lori la ishirini kabla ya harufu ya vitunguu. Na jua lilipoelekea kuzama aliigeuza upande wa nyumbani, akatuita sisi, akiyavuta majina mpaka mwisho wake unapinda: "Tumpeee! Anyitikeee!" Tulikuwa tunaitika tukiwa bado mbali, tukikimbia.

Anyitike ni mdogo wangu. Jina lake kwa Kindali, lugha ya kwetu, maana yake Mungu ameniitikia, kwa sababu mama alikaa miaka kadhaa baada yangu bila kupata mtoto. Alikuwa na miaka minne. Asubuhi alikuwa na homa, saa nne akashikwa na degedege. Mama alimbeba mgongoni kumpeleka zahanati, akarudi naye mgongoni, na aliporudi hakutaka mtu amsaidie kumfungua.

Siku ya mazishi nilikaa nyuma ya jiko, katikati ya kuni, tangu watu walipoanza kukusanyika. Nilikuwa nasubiri kuitwa. Nilijiambia mama akiniita tu nitatoka, nitakwenda kukaa naye kwenye mkeka. Kupitia uwazi kati ya kuni niliwaona wanawake wamemzunguka, na upande wa pili chini ya turubai niliwaona wanaume, na mbele ya wanaume wote nilimwona Daudi. Huyu Daudi alikuwa mpangaji wa jirani yetu, fundi redio aliyekuwa amefungua kibanda cha kuchaji simu na kuwaingizia watu nyimbo na milio. Alichuchumaa pale wanaume wanapoishia na wanawake wanapoanzia. Simu yake ilikuwa juu ya goti, mdomo wa simu umeelekezwa kwa mama, na kwenye kona ya simu palikuwa na taa ya kijani inayofumba na kufumbua.

Mama alikuwa analia kwa Kindali. Kwetu mama mfiwa halii ovyo, anaita. "Anyitike, ninakuita. Nimekuita asubuhi, nimekuita mchana. Mama yako ninakuita, itika." Sauti ilikuwa ileile ya kuuzia chakula, ileile ya jioni, ila mwisho wake haukupinda, ulikatika. Kila ilipokatika ile taa ilifumbua. Sikuweza kuvumilia. Niliziba masikio kwa viganja, nikaimba kimoyomoyo nyimbo zote za shule nilizozijua, sikuzibua mpaka nilipoona watu wameondoka kwenda kuzika. Hakuna aliyeniita. Hivyo ndivyo nilivyojua kwa miaka yote iliyofuata, kwamba siku ile mama alimwita mtoto mmoja tu.

Kesho yake sauti ya mama haikuwepo. Alifungua mdomo ukatoka upepo. Wakubwa walisema imekauka kwa kulia, itarudi, wakamchemshia majani. Mimi nilijua ilikokwenda. Nilikuwa nimeiona ikiingia.

Baada ya wiki chache nilikuwa natoka shule, napita kando ya malori kama kawaida. Chini ya lori moja dereva mmoja mtu mzima, mwenye kofia, mtu wa pwani, alikuwa amelala kwenye mkeka, mikono kifuani. Mama yangu akalia kutoka mfukoni mwake. Najua ninachosema. Sauti haikufanana na ya mama, ilikuwa yake. "Anyitike, ninakuita." Nilisimama na mkoba wangu wa madaftari. Sauti ikasema tena, mama yako ninakuita, itika. Yule mzee akaamka, akajipapasa kifua, akatoa simu, akaiweka sikioni.

"Naam," akaitika. "Naam, nipo."

Nilijikojolea palepale. Kwa akili yangu mama alikuwa amemwita Anyitike, na kuna mtu mwenye ndevu nyeupe ameitika badala yake.

Mwezi ule mlio huo wa simu ulisambaa kama homa. Waliokijua Kindali walisema ni aibu, kisha wengine wao wakauchukua. Wasiokijua walisikia mwanamke mwenye sauti kali tu. Madereva waliupenda kwa sababu injini ikinguruma bado unausikia. Niliwasikia wanaume wakisema, huo mlio wa mfiwa, ukiwa nao hukosi simu hata ukilala. Ulivuka mpaka wa Nakonde bila kugongewa muhuri, ukaenda na malori huko Zambia, ukarudi. Ulikuwa unaita sokoni, unaita stendi, unaita ndani ya choo cha kulipia, unaita kwenye uwanja wa kanisa watu wakitoka. Na kila ulipoita, mtu fulani aliitika. Haloo. Naam. Sema. Nipo.

Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine. Bibi alisema usiitike usiyemwona. Lakini Anyitike alikuwa na miaka minne, alikuwa hajaelewa sheria hiyo vizuri, na mama alikuwa anamwita kutoka kila upande. Mtoto mdogo akiitwa na mama yake mara zote hizo atafanya nini?

Nilikwenda kwa Daudi. Kibanda chake kilikuwa na meza iliyojaa simu za watu, zimelala zimeunganishwa na nyaya kama wagonjwa. Nilimwamkia, akaitikia shikamoo yangu vizuri. Nikamwambia nimekuja kuchukua sauti ya mama.

Hakunifukuza, nataka niwe mkweli. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akajifuta uso. Aliniuliza nani kanituma. Nikamwambia hakuna, mama hawezi kutuma mtu, hana sauti, unayo wewe. Akatoa simu yake, akanionyesha kioo, akabonyeza kitu. "Haya, mdogo wangu, nimeifuta. Imekwisha. Umeona?" Niliona maandishi yanapotea. Nilikimbia mpaka nyumbani nikasimama mbele ya mama, nikamtazama mdomo. Alinitazama naye. Akanishika kidevu, akaendelea kupepeta mchele.

Kesho yake mlio uliita kutoka kwa mwalimu wetu. Nilirudi kibandani nikamwambia Daudi umenidanganya. Akasema hajanidanganya, yake ameifuta, hizo nyingine ni za watu, ziko kwenye simu za watu, yeye hawezi kuwaingilia. Akafungua mikono miwili kunionyesha kuwa hana kitu.

Siku hiyohiyo nilikwenda makaburini peke yangu, jua likiwa bado juu. Kaburi la Anyitike lilikuwa halijaanza kuota majani. Nililala kifudifudi juu ya udongo, nikaweka mdomo karibu, nikamwambia asiitike. Nilimweleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mtoto. Si mama. Mama yuko nyumbani, haongei. Hao ni simu, simu haina miguu, usitoke. Wakati bado nasema, kwenye njia iliyo nyuma ya miti mtu alikuwa anapita ambaye sikumwona, na sauti ya mama ikaanza. Ninakuita. Nimekuita asubuhi, nimekuita mchana. Ilikuwa inatembea. Ilikuja kutoka kushoto ikaelekea kulia, bila mtu, juu ya majani makavu. Nilikisia kichwa kiko upande gani, nikatandaza viganja viwili juu ya udongo pale nilipodhani masikio yalipo, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Udongo ulikuwa wa moto juu na baridi chini. Nilibonyeza mpaka sauti ilipokwisha. Na naapa, wakati ule nilihisi kitu chini ya viganja kinatulia.

Mama alianza kupata sauti tena, ya kukwaruza lakini ya kuongea, akarudi kwenye biashara. Sisi nyumbani tulikuwa tumekubaliana bila kuambizana kwamba hajui habari za ule mlio, na asijue. Bibi, aliyekuwa amebaki kwetu tangu msiba, alimpeleka njia za nyuma, mimi nilimwimbia kila tulipopita penye wanaume wengi. Siku ya tatu ya kupika, mchana, wateja walikuwa sita mezani. Mmoja, kijana wa Mbangala aliyekuwa anashusha mahindi, alikuwa ameweka simu yake kando ya sahani. Ikaita.

Ilikuwa imefika "itika" ya kwanza. Mwenzake akamwambia, pokea bwana. Yule kijana mikono ilikuwa na ugali mpaka kwenye vidole vya mwisho. "Acha iite," akasema, "nimalize tonge." Ikaita. Mama alikuwa amesimama na upawa wa maharage, mchuzi unadondoka mguuni kwake naye hausikii. Nilimwona anajisikiliza. Aliusikiliza msiba wake wote mpaka mwisho, ukanyamaza, ukaanza tena, kwa sababu aliyepiga alirudia. Ndipo alipoongea, taratibu, kwa heshima, kama anavyoongea na mteja.

"Pokea, kaka. Mwanangu haitiki tena. Itika wewe."

Hakuna aliyemaliza chakula. Yule kijana alitoka na mikono yake hivyohivyo, aliacha simu mezani, ilibidi mwenzake arudi kuifuata.

Bibi alivaa kitenge chake kizuri akaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, nami nikamsindikiza. Mjumbe hakuwa mtu mbaya. Aliandika jina la mama, akauliza kilichoibwa ni nini. Bibi akasema sauti. Mjumbe akauliza kwa upole, sasa bibi, si nimepita asubuhi nikamsikia anaongea? Sauti anayo. Kalamu ikabaki juu ya karatasi. Bibi akasema, "Mnamwita mtoto wa watu kila kona. Akiitika, wewe mjumbe utamlaza kwa nani?" Mjumbe alifunga daftari.

Mlio ulikufa wenyewe, kama milio yote. Ukaja wa mtoto anayecheka, ukaja wa jogoo. Watu wakasahau. Lakini mama hakuita tena. Aliongea, alicheka hata, baadaye, ila sauti ile ya kufika lori la ishirini hakuitoa tena maisha yake yote. Kwenye biashara aligonga sufuria kama wenzake. Na mimi hakuniita. Akinihitaji alikuja mpaka nilipo, hata kama ni nje kabisa, hata kama mvua inanyesha, akanigusa bega. Nimekua kwa kuguswa bega. Nilipokuwa sekondari wenzangu walikuwa wanaitwa na mama zao mpaka wanakereka, wanajibu abee kwa kinyongo, na mimi nilikuwa natamani kuwapiga makofi.

Kwa hiyo mnielewe. Mama alipofariki nilisimama kwenye mlango wa turubai na beseni, nikamwambia kila anayeingia aweke simu humo. Nilitukanwa. Nikawaambia anayeona simu yake ni bora kuliko marehemu abaki nayo nje. Na mwezi uliopita kliniki, binti mmoja alipomrekodi mwanangu analia kwa sindano, eti analia kwa kuchekesha, nilimnyang'anya simu nikafuta mwenyewe, nikamlazimisha anionyeshe kama hajaituma popote. Muuguzi alisema nina hasira. Ninayo.

Sasa rudini kwa Daudi, maana aliyeleta kadi ni yeye, siku ya tatu ya msiba wa mama, mvi kichwani, duka kubwa barabarani, amesimama mbele yangu. Nilimuuliza neno moja tu.

"Si uliifuta?"

"Tumpe, ulikuwa mtoto," akasema. "Ungetaka nikuambie nini?"

Alikuwa nayo muda wote. Alinionyesha maandishi yanapotea, akanitazama nikikimbia, akaingia ndani, nayo ikiwa salama mahali pengine.

Kadi nilikaa nayo ndani ya kopo la chumvi miezi kadhaa. Jumamosi iliyopita, mchana kweupe, niliipachika kwenye simu yangu. Binti yangu alikuwa kwenye mkeka anasuka nywele za gunzi la mahindi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ule mlio, naujua wote, naweza kuusema. Nilichokuwa sijui ni kwamba mlio ulikuwa kipande tu. Daudi alikata palipo pakali pawe mlio, sehemu nyingine akaiacha. Ulipofika pale ulipokuwa unaishia zamani, haukuishia. Wanawake walisikika wakinyamazishana. Beseni likaanguka. Mtu akakohoa karibu, nadhani ni yeye. Kisha mama, akiwa tayari anakaukiwa, akaitoa ile sauti, ya lori la ishirini, na mwisho wake umepinda.

"Tumpeee! Tumpe yuko wapi? Nani kamwona mwanangu? Tumpeee!"

Mara mbili. Nyuma ya kuni pale nilikuwa nimeziba masikio.

Binti yangu aliacha kusuka. Aliitazama simu, akanitazama mimi. Yeye bibi yake alimjua kwa kuguswa bega tu, hajawahi kumsikia akiita.

"Mama, unaitwa."

Nilimfikiria bibi yangu na maharage yake, na sheria yake. Nilimfikiria Daudi, na sijamsamehe, na sitamshukuru hata leo, hata kwa hili.

"Mbona huitiki?"

Nilitazama mlangoni kwanza, kama mtoto anayeogopa kuonwa.

"Abee, mama," nikasema.

Kioo cha simu kilikuwa kimeshazimika. Binti yangu aliinama, akaweka sikio juu yake, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hajakusikia. Sema kwa nguvu."